Siku Nilipolinda Ndafu ya Dada Anyesi

Habari hii ya aibu naisimulia mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia ndugu zangu wanaitia chumvi, na haihitaji chumvi, ilikuwa na pilipili ya kutosha.

Ilikuwa sendofu ya dada yangu Anyesi, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, nyumbani Marangu, miaka ile ambayo sherehe bila mpiga video haikuitwa sherehe. Mimi nilikuwa mpagazi wa mlimani, na wiki hiyo mama mmoja wa Kizungu niliyembebea mzigo aliniachia kikopo kidogo cha kupulizia, akanionyesha kwa vitendo kwamba ni cha kufukuzia mbwa wakali (alibweka vizuri sana, mpaka wenzangu wakacheka). Hakunieleza kwamba ndani kuna pilipili, au alinieleza nami nikaitikia tu kama kawaida yangu.

Baba alinipa kazi moja: kulinda ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, aliyesimamishwa mezani na majani mdomoni, mpaka Anyesi amlishe mama mkwe wake kipande cha kwanza.

"Deo, hii ndafu ndiyo heshima yangu kwa wakwe," alisema. "Mbwa akiigusa, usiniite baba."

Na mbwa akaja kweli, wa jirani, kutoka upande wa getini, anajilamba pua. Fimbo ilikuwa miguuni pangu, lakini nilivaa suti ya kuazima na wapambe wa Anyesi walikuwa wananitazama, nikaona niwaonyeshe mambo ya kisasa. Nikatoa kikopo, nikabonyeza, wala sikuachia.

Sasa, mtu aliyezaliwa mlimani anajua kabisa kwamba mchana upepo wa huku unapanda kutoka tambarare. Mbwa alikuwa mteremkoni chini yangu, wageni na ndafu yao juu yangu. Mbwa hakupiga hata chafya. Mimi nilihisi nimemwagiwa makaa machoni, nikasugua kwa mikono ile ile (kosa la pili), na nyuma yangu nikasikia ukoo mzima unakohoa, kuanzia padri hadi wapiga tarumbeta.

Lakini aliyenitoa jasho ni mama mkwe. Alikuwa na pumu, na sasa kifua kinalia kama filimbi, Anyesi amepiga magoti mbele yake, "Mama, jamani, mama!" Nikajua nimeua mtu, na ndoa ya dada yangu nimeivunja kabla haijafungwa.

Shangazi Paulina, muuguzi mstaafu, akavua viatu akaanza kuamrisha. "Mtoeni hapo penye upepo, aketi wima! Dawa yake ya kuvuta iko wapi? Nyie wengine msisugue macho, maji, maji mengi! Deo, kichwa chini ya bomba, na hilo koti vua!"

Dawa ikapatikana kwenye mkoba. Mama mkwe akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tunasubiri. Mwishowe akapumua sawasawa, akatutazama wote.

"Nimekuja kuchukua mkwe," akasema, "sikuja kuzikwa."

Watu wakacheka huku machozi yanatiririka. Ndafu, Shangazi aliipiga marufuku kwa kuwa ilipuliziwa yote, basi Anyesi akamlisha mama mkwe machalari, ndizi na nyama kwenye bakuli la kawaida, na ndoa ikafungwa wiki iliyofuata. Macho yangu yalivimba siku tatu.

Baba naye macho yalikuwa mekundu. "Dawa yako hiyo, Deo," alinilaumu, na amenilaumu hivyo kila Krismasi ukoo unaporudi nyumbani.

Krismasi iliyopita tukaangalia ule mkanda wa video ya sendofu. Nikamwona Baba kule chini getini, ambako upepo ulikuwa unatokea kuja kwetu, yaani hakuna hata tone lililomfikia. Anamtazama Anyesi kwa mbali, ametoa kitambaa, anajifuta macho, na mbwa anampita miguuni wala hamwoni. Na mimi, mle mle kwenye mkanda, kikopo bado kiko mfukoni, sijapuliza.

Nikamgeukia. Akakohoa kidogo.

"Dawa yako ilikuwa kali sana," akasema.

"Kali kweli, Baba."

Tangu hapo nimeapa: mbwa nitamfukuza kwa fimbo, na lawama ya Baba nitaibeba mwenyewe. Kubeba mizigo ndiyo kazi yangu.