Sahani ya Mama Iliyogeuzwa Mali ya Serikali

Clarrie Pobjoy, mume wa mdogo wangu Enid, alininyang'anya sahani ya keki ya marehemu mama yangu na kuifanya mali ya serikali. Alifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya watu, akiwa amevaa koti jeupe, na mpaka leo anaamini alikuwa kazini.

Mwezi uliopita alistaafu. Klabu yetu ya hapa ng'ambo ya mto ikamfanyia sherehe, na mwenyekiti akasimama na glasi ya bia kusimulia maisha yake. Alisema Clarrie ni mtu ambaye hajawahi kupoteza hata skrubu moja ya serikali. Mimi nilikuwa jikoni nakata sandwichi, nikasikia yote. Ni kweli hakupoteza. Aliongeza. Basi kwa kuwa mwenyekiti amesimulia nusu ya maisha ya Clarrie, nusu iliyobaki nitaisimulia mimi.

Alizaliwa shamba la jirani, wao na ng'ombe wao, sisi na wetu. Alitupita umri, lakini akili yake ilikuwa imezeeka kuliko umri wake. Alipokuwa akimchumbia Enid, baba alisema amrudishe nyumbani saa tatu, naye akawa anamrudisha saa mbili na nusu, ili pabaki nafasi ya usalama. Enid alilia. Mama alisema huyo atakuwa mume mzuri, na kwa kweli hajawahi kuanguka kwenye ngazi yoyote.

Alijaribu kazi ya benki, wakamwondoa kwa sababu alihesabu noti za kila mteja mpaka foleni ikafika barabarani. Kisha serikali ikajenga kituo cha utafiti wa nyuklia na nishati huku kwetu, katikati ya msitu wa mikalitusi, mahali ambapo kitu kikilipuka watasumbuka kunguru na sisi tu. Clarrie akaajiriwa kwenye usalama. Wakampa koti jeupe na kisanduku kinachotatarika kikikaribia mionzi. Nadhani hiyo ndiyo siku aliyozaliwa hasa. Bahati nzuri kisanduku hakikuruhusiwa kutoka nje ya geti, la sivyo kila Krismasi tungekula nyama baada ya kupimwa.

Mimi shule niliiacha darasa la nne nikaenda kukamua ng'ombe. Ninachokijua ni kupika, kwa hiyo nilikuwa mpishi wa kantini ya hichohicho kituo. Niliwalisha wanasayansi miaka mingi. Wanaweza kupasua atomu, lakini skonzi inawashinda kupasua, siagi yote inaishia kwenye tai.

Miaka ile ya sabini petroli ilipanda bei dunia nzima, na serikali yetu ya Australia kule Canberra ilimwaga fedha kwa yeyote aliyeweza kutamka neno nishati bila kucheka. Kituoni kila mtu akawa na jambo lake. Kuna waliochemsha maji kwa jua juu ya paa letu la kantini, wakafanikiwa kuwachemsha njiwa. Kuna waliotaka kugeuza makaa ya mawe kuwa petroli, na jengo lao likanuka kama soksi za jeshi. Wa urani, yale madini ya nyuklia, walikuwa na jengo kubwa kuliko wote na hawakutuambia wanafanya nini. Wote walisubiri Waziri wa Nishati aje aone, aridhike, atoe fedha.

Mkurugenzi, Dokta Haverfield, aliniita ofisini.

"Merle," akasema, "nasikia Waziri anapenda sana keki. Upande wa sayansi tutajitahidi, lakini tusijidanganye."

Ndiyo sababu nilileta sahani ya mama. Ni ya kioo, ina mguu mrefu, na ni ya kijani ambacho sijakiona kwingine. Ukiiweka dirishani asubuhi, utadhani ina taa ndani. Mama alipewa na mama yake siku ya harusi. Alipofariki aliniachia mimi, na Enid akaachiwa piano. Enid hapigi piano. Tangu siku hiyo, kila akija kwangu, huitazama sahani kwanza ndipo anisalimie.

Nilikuwa na wasiwasi kuitoa, kwa sababu Waziri alikuja Alhamisi, na Jumamosi mwanangu Rhonda alikuwa anaolewa. Keki ya harusi ingekaa juu ya sahani ileile iliyobeba keki yangu, ya mama yangu na ya bibi yangu. Lakini huku kwetu sahani ikipelekwa kwenye shughuli hurudi kwa mwenyewe. Unabandika plasta chini, unaandika jina lako, basi. Mwanamke akipoteza sahani ya mwenzake atasemwa mpaka aingie kaburini. Nikabandika plasta, nikaandika Cuddihy, nikaenda nayo kazini.

Asubuhi kuingia hakuna aliyekupima. Mlinzi alikutazama usoni, akauliza mbwa wako hajambo, ukapita. Vipimo vilikuwa wakati wa kutoka tu, kwa kuwa waliamini hatari hutengenezwa ndani. Kwamba mtu anaweza kuja nayo kutoka nyumbani, imefungwa kwenye taulo la vyombo, hakuna kichwa kilichowahi kuliwaza.

Waziri alitembezwa kwenye maabara akipiga miayo. Alipofika kantini akaamka. Nilikuwa nimepika keki laini ya krimu na pasheni, imekaa juu ya sahani ya kijani kama malkia. Alikula vipande vitatu, akasema nchi yenye keki kama hii ina mustakabali, akaondoka kuelekea uwanja wa ndege akiwa na krimu kwenye kidevu.

Jioni nikaosha sahani yangu, nikaifunga, nikapanga foleni ya getini. Clarrie alinipima mikono. Kimya. Akanipima viatu. Kimya. Kisanduku kilipofika kwenye taulo, kikaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria, na king'ora kikalia mpaka ofisi kuu.

"Weka chini, Bibi Cuddihy," akasema.

"Bibi Cuddihy ndiye nani? Jana umekula kwangu paja la kondoo."

"Nikiwa na koti hili sina shemeji. Weka chini taratibu."

Nikaweka, nikaifungua. "Clarrie, hii ni sahani ya mama. Keki ya harusi yako uliikatia juu yake."

"Nilikula kama raia. Sasa nazungumza kama serikali."

"Serikali, harakisha basi," mtu akasema nyuma ya foleni. "Basi letu linaondoka."

"Imechafuka humu ndani," Clarrie akasema.

"Imechafuka krimu, nami nimeiosha."

Hapo akafikiri, na unaweza kumwona Clarrie akifikiri, kwa sababu masikio yake hubadilika rangi. Kama sahani imechafukia ndani, Waziri amekula juu ya uchafu huo. Masikio yakawa meupe. Akapiga simu.

Dokta Haverfield alikuja mbio, leso ya kulia chakula bado iko shingoni. Aliitazama sahani, akaipima mwenyewe, akacheka.

"Huu si uchafu," akasema. "Ni kioo cha zamani. Walikuwa wanatia urani kidogo ili kipate rangi hii. Haimdhuru mtu, Merle. Unaweza kulala nayo kitandani."

"Asante, Dokta. Nitaiweka mezani tu," nikasema, nikanyoosha mkono.

Lakini alikuwa ameacha kucheka. "Ngoja," akasema. "Ofisi kuu wamesikia king'ora. Lazima tuwaambie kimelizwa na nini. Tukisema sahani ya keki, watauliza keki ya nani. Tukisema Waziri, kesho magazeti yataandika tumemlisha juu ya urani, na fedha zote zinakwenda kwa watu wa makaa."

Yule aliyekuwa na haraka ya basi akalisahau basi lake, maana alikuwa wa jengo la urani.

"Clarrie," Dokta akasema, "hiki ni kifaa cha kujaribia mashine zetu."

"Ndiyo, Dokta. Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Basi. Shemeji yangu akachukua brashi ya rangi nyeupe, akaibandua plasta yenye jina langu, akaandika namba ya serikali kwenye mguu wa sahani ya mama. Ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayechora.

"Jumamosi Rhonda anaolewa," nikamwambia. "Niazime hata hiyo siku moja. Jumapili nitairudisha mwenyewe."

"Kifaa kinachotatarisha kisanduku hakitoki getini, Bibi Cuddihy."

"Kiliingia bila kuulizwa."

"Kuingia si idara yangu."

Fedha zilikuja, tena nyingi. Keki ya Rhonda ilikaa juu ya beseni lililogeuzwa, nikalifunika kwa kitambaa cha lesi, ikalala upande kama mlevi kwenye nguzo. Watu walishikilia vicheko mpaka bwana harusi alipoisukuma kwa kidole kuinyoosha na ghorofa ya juu ikamwangukia padri mapajani. Hapo hakuna aliyeshikilia. Rhonda alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Clarrie alikula vipande viwili.

"Tamu sana, shemeji," akasema. "Ila ilikosa msingi."

"Msingi unao wewe, kazini kwako."

Enid akaniwekea mkono begani. "Dada, usihuzunike. Angalau sasa inalitumikia taifa." Alisema hivyo kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mama afariki. Kama si yake, heri iwe ya taifa kuliko yangu.

Tangu hapo sahani iko kwenye rafu ya chumba cha vipimo. Kila asubuhi wanaielekezea mashine kuona kama zinafanya kazi. Wanasema hawajawahi kupata kifaa kinachotulia kama kile. Mimi nilikuwa nikiiona kupitia kioo cha mlango nikipita na toroli la chai, na hakuna aliyeifuta vumbi.

Nimemwomba Clarrie kila mwaka, naye kila mwaka alinijibu kama serikali. Kwenye sherehe ya kustaafu kwake nilitoka jikoni na kisu cha sandwichi mkononi, nikamwambia, "Shemeji, koti umelivua. Nenda kaniletee sahani yangu."

"Sasa sina mamlaka, Merle," akasema. "Mimi ni raia tu."

Kwa hiyo naandika hapa ili ijulikane. Dokta Haverfield simdai, alidanganya mbele yangu na akaona haya. Serikali siidai, haijawahi kula kwangu. Ninayemdai ni Clarrie Pobjoy, aliyekula. Ananidai yeye salamu, maana sijamsalimia tangu sherehe ile, na mimi namdai sahani ya kijani ya mama yangu, aibebe kwa mikono miwili mchana, apite nayo barabara kuu mbele ya nyumba yake mwenyewe ili Enid aione ikipita, na ailete mpaka mlangoni kwangu.