Alhamisi kwenye Njia ya Handaki

Mjukuu wangu ana baiskeli ambayo huinyanyua kwa vidole viwili. Jumamosi hutoka Nairobi na wenzake, kofia za plastiki kichwani na suruali za kubana hadi mtu unaona haya kutazama. Huacha magari yao hapa Embu, wakapanda hadi ukingo wa msitu, na kushinda huko kutwa nzima. Ananiambia hakuna njia nzuri kama ile mlima mzima: hakuna lori wala vumbi, msitu upande mmoja, majani chai upande wa pili, na kila baada ya bonde kijito cha maji baridi. Wanataka kuichora kwenye ramani ili wageni waijue. Akaja kwangu mtaa wa Majimbo na simu mkononi kuniuliza, Babu, nani alitengeneza njia iliyonyooka namna ile huko juu?

Nikamwambia ilichimbwa na watu. Akaandika hivyo hivyo, ilichimbwa na watu, akanitazama akingoja niendelee. Nikamwambia chai inapoa. Nilikasirika, na mtoto wa watu hakuwa amenikosea chochote. Baada ya yeye kuondoka nilikaa siku tatu bila hamu ya chakula, ndipo nikaamua kuandika, maana kusema kwa mdomo sitaweza.

Mimi nilikuwa mchinjaji. Baba yangu aliletwa pande hizi na jeshi kutoka kusini, mama yangu alikuwa Mkamba aliyesilimu, nami nikazaliwa hapa mjini katikati ya mabucha. Zamani hizo, popote palipokuwa na Mwislamu hata mmoja atakayekula, sharti kisu kishikwe na Mwislamu, ili wote wale bila mtu kunung'unika. Hali ya Hatari ilipoingia, wakoloni wakipigana na wapiganaji wa msituni, kituo cha homugadi, Waafrika waliopewa bunduki na serikali, kilijengwa juu kabisa karibu na msitu, na kati ya askari wao walikuwepo Waislamu. Basi nikapewa pasi. Kila Alhamisi nipande baiskeli yangu nikawachinjie ng'ombe. Vijana wenzangu hawakuruhusiwa kuvuka hata mto bila kibali, na mimi nilikuwa na karatasi yenye muhuri na baiskeli nyeusi yenye keria pana ya mzigo nyuma.

Kutoka Runyenjes kwenda juu, watu walikuwa wamehamishwa wote. Walibebeshwa vitu vyao wakapelekwa vijijini, nyumba zikabanwa pamoja kama meno na uzio ukazungushwa. Nyuma yao nyumba zao zilichomwa. Ukanda mzima chini ya msitu ukawa marufuku: anayeonekana hapigiwi kelele asimame, anapigwa risasi. Na ukingoni mwa msitu wanawake, wazee na wanaume waliobaki vijijini walikuwa wakichimbishwa handaki refu ili watu wa msituni wasivuke kutafuta chakula, na kando ya handaki ikapita barabara ya doria. Hiyo ndiyo njia anayoipenda mjukuu wangu.

Sasa niseme jambo la aibu. Niliifurahia barabara ile. Wallahi niliifurahia. Peke yangu, saa tatu asubuhi, mlima umefunuka, hakuna ng'ombe njiani, hakuna mwanamke mwenye mzigo wa kuni wa kumpisha. Ndege walikuwa wakitembea katikati ya barabara kama wenye mji. Kahawa iliiva ikadondoka bila mchumaji. Nilikuwa nikiteremka mabondeni miguu juu, upepo ukinijaza shati, halafu napita boma lililobaki nguzo nyeusi tu na jiwe la kusagia, na moyo unarudi mahali pake. Kupita boma la mtu bila salamu ni utovu wa adabu, basi nilikuwa nasalimia. Nilisalimia majivu kwa sauti, boma baada ya boma, na wakati mwingine ningeapa nimeitikiwa.

Rafiki yangu mmoja alikuwa mkulima wa huko juu, Mkristo wa kanisa hasa. Kabla ya shida hizi nilikuwa nanunua mbuzi kwake, nikinywa uji nyumbani kwake mpaka mama yake akanizoea. Walipohamishwa kijijini upande wa Karurumo, yule mama alirudi nyuma kumfuata kuku wake na hakutokea tena. Alikuwa amemzika mume pale, na watoto wawili, na hakutaka kwenda kufa kwenye msongamano. Mwanawe alipoulizwa na mkuu wa kijiji, akasema mama amefia njiani. Basi akafutwa kwenye daftari. Kwa serikali alikuwa marehemu, na marehemu huyo alikuwa amejificha ndani ya migomba ya boma lake, kwenye ukanda wa risasi.

Rafiki yangu alikuja bucha siku ambayo walipewa ruhusa ya soko. Hakuzunguka maneno. Alisema mimi ndiye mtu pekee anayepita pale, na mama asipopata chakula atatoka kukitafuta, na akitoka ataonekana. Nilimwambia kumlisha mtu aliye nje ya kijiji ni kitanzi. Akasema anajua. Basi nikamwambia alete chumvi na unga.

Tulipanga hivi. Chini ya boma lao barabara ilipinda penye kijito. Nikifika kwenye ile kona napiga kengele mara mbili, naweka kiondo, kikapu cha kusukwa chenye chakula, nyuma ya ghala lililoanguka, naenda zangu. Nikirudi adhuhuri nakuta kiondo pale pale. Sikumwona ila mara moja, mkono tu ukisogeza jani la mgomba. Lakini kiondo hakikurudi kitupu hata siku moja. Ndivyo walivyo watu wa kule: chombo cha mtu hakirudishwi bila kitu ndani. Mama mwenyewe anakufa njaa, na mimi nakuta ndizi mbili zilizochomwa, au nduma, au kiazi kikuu kimefungwa kwa jani. Nilimlalamikia mwanawe kwamba mama aache mchezo huo. Mwanawe akacheka kwa mara ya kwanza tangu wahamishwe, akasema nikitaka nikamwambie mimi mwenyewe.

Tuliendelea miezi mitano. Kisha Alhamisi moja pale Runyenjes, homugadi mmoja alinisimamisha. Alikuwa anarudi kituoni na miguu ilikuwa imechoka. Alipanda keria bila kuniomba, bunduki magotini, akasema twende. Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo? Chakula kilikuwa kwenye mfuko wangu wa visu, nikawaza leo sitasimama, sitapiga kengele, mama atavumilia njaa hadi wiki ijayo. Nilijiambia hivyo kilomita baada ya kilomita. Na yule bwana nyuma yangu anaongea tu, habari za maini, kwamba nimfichie maini kabla wakubwa hawajayaona. Alikuwa mchangamfu. Nilianza kucheka naye.

Tulikuwa tunateremka kwa kasi. Kona ikafika, na kidole gumba changu kikapiga kengele mara mbili.

Hakukuwa na haja. Hakukuwa na gari, wala mtu, wala mbuzi wa kuonywa. Ni mazoea ya miezi mitano tu. Niliisikia kengele kama ya mtu mwingine, na kabla sijashika breki mama alikuwa amesimama kando ya barabara, kiondo chake mwenyewe amekishika kwa mikono miwili. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kwa ajili ya mzigo ule nyuma yangu, na nadhani wasiwasi ndio uliomtoa kwenye migomba. Alikuwa amekonda mno. Macho hayakuwa yakimfikisha mbali, kwa hiyo aliniona mimi tu. Akatabasamu, akaniambia kwa Kiembu, “Leo umechelewa, mwanangu.”

Homugadi alikuwa ameshuka. Bunduki aliishika, lakini hakuiinua mara moja. Aliniangalia mimi.

“Huyu unamjua?”

Nimepima swali hilo maisha yangu yote. Labda alikuwa ananipa mlango. Labda ningesema ni mama wa rafiki yangu, ni mzee, hana akili sawa, tumchukue tumpeleke kijijini, angekubali kwa ajili ya maini. Labda angetuua wote wawili, au ningenyongwa mimi na rafiki yangu. Sijui. Ninachojua ni nilichosema.

“Simjui. Wazee huita kila mtu mwanangu.”

Risasi ilikuwa moja. Ndege wote wa bonde lile waliruka, kisha pakawa kimya kama kawaida. Kiondoni mlikuwa na kiazi kikuu cha kuchoma, bado kina moto. Homugadi alikipindua kwa buti, akasema bila shaka alikuwa akiwapelekea watu wa msituni, akapanda tena keria. Nami nikakanyaga pedali. Ndiyo, nilikanyaga. Kituoni walikuwa wameshamfunga ng'ombe miguu. Nilishika kisu na nikashindwa kutamka jina la Mungu. Ulimi ulikuwa mkavu kabisa. Wakanipa maji, nikatamka, nikachinja, na watu wakala.

Soko lililofuata nilimwambia rafiki yangu kwamba wiki hiyo kiondo hakikuguswa. Soko la pili nikasema hivyo hivyo, nikaongeza kwamba labda ni homa, labda alilala asiamke. Aliniuliza kama niliingia kwenye migomba kuangalia. Nikasema niliingia, sikuona kitu. Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa yote niliyomtendea mama yake.

Hali ya Hatari ikaisha, watu wakarudi kwenye mashamba yao, tukawa watu wazima, tukazeeka. Aliendelea kuniuzia mbuzi. Watoto wangu walimwita ami. Na kila nilipokwenda kwake nilizunguka kwa njia ya juu, ndefu, yenye matope, nisipite penye kijito, na hakuniuliza hata mara moja kwa nini natokea upande usio wangu.

Miaka kadhaa iliyopita aliugua ugonjwa usiopona. Nilikwenda kumjulia hali mchana, binti yake akatuacha wawili. Tuliongea juu ya mvua na bei ya maziwa. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Alhamisi ile alikuwa kwenye zamu ya kuchimba handaki, ng'ambo ya kijito.

“Nilisikia kengele yako,” akasema. “Halafu nikasikia bunduki. Tuliitwa sisi wachimbaji kuja kumfukia. Mimi ndiye niliyemshika miguu, na sikuweza kulia, maana nilishasema amekufa.”

Nilitaka kusema kitu. Akanizuia kwa kiganja. Alisema alijua si mimi niliyepiga risasi, na hakuwahi kunichukia. Alikuwa akingoja tu nimwambie mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na jambo moja alilotaka kujua, na hakuna mwingine duniani wa kumuuliza.

“Alisema chochote?”

Nikamwambia. Alisema, leo umechelewa, mwanangu. Machozi yalimtoka, na uso wake ukalainika namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ujana wetu. Aliyarudia maneno yale kwa Kiembu, polepole, kwa sauti ya mama yake kabisa. Nilidhani yameisha.

“Na wewe ukamjibu nini?”

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uzoefu. Lakini nilimwambia swali la homugadi na nilimwambia jibu langu, yote mawili, neno kwa neno.

 Kisha akavuta blanketi, akageuza uso ukutani. Hakuniambia niondoke. Nilikaa mpaka binti yake akaleta uji, nikaona sistahili kuunywa, nikaaga mgongo wake.