Sufuria Tupu za Mwanabenki

Mpishi wangu mmoja hapa Nakuru ana tabia ya kusugua sufuria kwa waya wa chuma mpaka zinalia. Nikisikia mlio huo asubuhi huwa naacha ninachofanya, nasimama mlangoni nikicheka peke yangu, na wafanyakazi wanadhani mwajiri wao amechanganyikiwa. Wewe nitakuambia. Mlio huo ni wa Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, wakati tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona. Aliyekuwa akisugua ni baba yangu wa kambo, Mwingereza, mwanabenki, mtu ambaye wote walikubaliana kwamba udiwani hataupata ng'o.

Walisema waziwazi. Anko Karanja, aliyeendesha lori la makontena kule Port Botany na kuzijua siasa za nchi zote isipokuwa ile aliyoishi, alisema mtu wa benki anajua kukopesha tu. Kuomba hajui, na kura huombwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nimeshawatangazia vijana wote wa kanisani kwamba karibu nitaitwa binti wa diwani. Sikuwa na mpango wa kuaibika.

Roger, kwa jina hilo nilimwita mpaka siku nilipoanza kumwita Baba, alihamishiwa Sydney na benki yake kutoka London. Hapo Sydney alimkuta mama yangu, muuguzi, akamwoa, akachukua uraia wa Australia na kunipokea mimi bila maswali. Korona ilipokuja benki ilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Wiki nzima alishuka kila asubuhi amevaa tai, akakaa mbele ya uji wake kama anayesubiri mkutano uanze.

Mama ndiye aliyemwondoa mezani. Siku hizo alilala chumba cha nyuma, asituambukize, na mazungumzo yetu yalipita dirishani. Alimwambia kwamba familia za Wakongomani mtaani kwetu zilikuwa zikifungiwa nyumba nzima mtu mmoja tu akiugua, na baba akikosa zamu ghalani hakuna kinacholetwa mezani. Roger alikuwa na gari na muda. Hakuwa na sufuria kubwa kuliko ile ya kuchemshia mayai.

Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu aliyeishi barabara ya pili, alitangulia kutuazima sufuria yake ya sherehe, pana kiasi kwamba niliweza kuoga ndani. Wenzake wakafuata. Gereji yetu ikawa jiko. Mimi nilipika, mama akiniongoza kwa sauti kupitia dirisha, na Roger akabeba chakula mpaka milangoni. Leo stashahada yangu ya upishi iko ukutani ndani ya fremu ya mkangazi, niliyoilipia mwenyewe, lakini niseme ukweli bila haya: kabla ya chuo chochote kunifundisha, nilikuwa nimeshalisha mtaa.

Tulipofunguliwa, watu waliokuwa wakimtazama yule Mwingereza kwa jicho la pembeni sasa walimpungia mkono, na ndipo akaamua kugombea. Kwa kuwa alikuwa mwanabenki, jambo la kwanza lilikuwa kuingia kwenye kampeni bila kudaiwa na mtu. Alisugua zile sufuria siku nzima. Alizing'arisha mpaka zikawa mpya kuliko siku zilipotoka dukani, akazirudisha moja moja, kila moja kwa mwenyewe, akashukuru kwa adabu na kuondoka. Mama alikuwa kazini. Mimi nilikuwa shuleni. Hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Jumapili iliyofuata kanisani salamu zilikuwa baridi. Hakuna aliyemtukana, walimjibu tu kama mtu anayejibu karani wa ofisi. Roger alidhani ni uchovu. Mimi nilimfuata Mama Furaha mpaka maegesho nikamuuliza kuna nini. Aliweka mkoba wake juu ya gari kwanza.

"Ambia papa yako," alisema, "sufuria yangu ililisha watu mwezi muzima. Yeye ananirudishia na njaa."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimweleza Roger kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Aliuliza kama hiyo ni riba. Nikamwambia hapana. Akauliza kiwango ni kipi. Nikamwambia hakuna kiwango. Alitembea jikoni kwa muda mrefu, mtu mzima aliyesimamia mikopo ya maghorofa, ameshindwa na ndimu.

Nilikuwa tayari kuwasha moto palepale. Yeye akanizuia. Alikuwa mgombea sasa, na sheria ya kule inamkataza mgombea kuwalisha wapiga kura. Akipeleka pilau kabla ya uchaguzi, ni rushwa. Asipopeleka, kura za mtaa wetu zimekwenda, na bila mtaa wetu hakuwa na kiti. Nililia, nakiri, zaidi kwa ajili ya jina langu kuliko lake.

Kesho yake alivaa tai. Alinichukua nimtafsirie, tukaenda kwa Mama Furaha, naye akaomba kuazima sufuria tena.

"Ya kupikia nini?" aliuliza Mama Furaha.

"Sijui bado," alijibu Roger kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nilikosea. Nitaleta baada ya kura. Nikishinda, nikishindwa, nitaleta."

Mama Furaha alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. Kisha akacheka mpaka akashika mlango. Alimpa sufuria, akampa na mfuniko ambao mara ya kwanza alikuwa ameuficha.

Nyumba zote tulizipitia. Habari zilitutangulia kwa simu, kwa hiyo kufikia nyumba ya mwisho walikuwa wanatungoja na sufuria kizingitini, na utani tayari: huyu benki yake imefilisika mpaka anakopa vyombo. Anko Karanja naye alitoa birika, akisema sasa kidogo anafanana na mwanasiasa.

Kule kata moja huchagua madiwani kadhaa, naye alipata kiti cha mwisho kabisa, baada ya siku nyingi za kuhesabu. Kanisani nilitembea katikati ya viti polepole, wanione vizuri.

Nilikua kabla ya kuelewa tulichofanya milangoni mle. Kwa Roger, kutodaiwa kulikuwa heshima. Kwa Mama Furaha, aliyerudisha chombo kitupu amefunga hesabu na jirani yake, na mtu wa namna hiyo utampigiaje kura? Alipokuja kukopa tena ndipo walipojua kwamba anakusudia kubaki.

Pilau alipika mwenyewe. Ya kwanza iliungua, ya pili ikawa uji, ya tatu nilimpitisha. Tulizunguka tangu asubuhi tukirudisha sufuria zimejaa, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Furaha. Alifunua, akaonja kwa vidole, akatafuna bila haraka huku diwani mzima akisubiri mlangoni kama mtoto wa mtihani.

"Chumvi ni mingi," alisema. "Papa Roger, uko na ngazi? Taa yangu ya sebule imekufa."

Baba alikimbia kuileta. Jioni ile hatukuwa tunadaiwa na mtu yeyote Quakers Hill, na ngazi yetu ilikuwa kwa Mama Furaha.