Kompyuta Niliyoichagua kwa Uzito

Katika ukoo wetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na utani huo hauna likizo. Mjukuu wangu aliniita mume wangu tangu alipojua kusema, bibi yake akamwita mke mwenza, na kila nilipokosea jambo alitishia kunipa talaka. Nyumba yetu ya kupanga huku ugenini, Mount Druitt, ilijaa talaka za namna hiyo.

Mwaka ule tuliofungiwa ndani kwa ajili ya korona, alianza chuo, masomo ya uuguzi. Chuo kiko Campbelltown, mbali kwa treni, lakini treni hakuipanda. Masomo yalimfuata kitandani, kwenye simu yake. Na mtoto huyo hakumbuki kitu mpaka akichore. Ndivyo alivyo tangu shule ya msingi. Moyo, figo, mishipa, lazima mkono wake upite juu yake kwanza. Mwalimu naye alitaka wanafunzi wachore kwa kalamu juu ya picha alizowatumia, hapohapo kwenye skrini, na kumrudishia kabla kipindi hakijaisha.

Basi alisoma, akalinganisha, akauliza wenzake, akaamua: kompyuta inayogeuka. Kioo chake kinapinduliwa mpaka nyuma, inakuwa kama daftari, na unaiandikia kwa kalamu yake. Binti yangu, yaani mama yake, anayehudumia wazee kwenye makao yao, aliilipia.

Siku hizo madukani hakukuingiwa. Uliagiza, ukaenda, ukapokea mlangoni, na ni mtu mmoja tu wa nyumba aliyeruhusiwa kutoka kununua kwa siku. Mjukuu alikuwa kwenye kipindi, binti yangu kazini, mke wangu magoti yanamsumbua. Nikatumwa mimi.

"Mume wangu," aliniambia, "kazi yako ni kutaja jina langu na kupokea katoni. Usimfundishe mwenye duka biashara."

"Mimi nimeuza redio kule kwetu Uvira miaka kumi na saba."

"Ndiyo maana nakuonya."

Mlangoni nilimkuta mama mmoja mwenye barakoa ya maua. Akaniambia ile tuliyoagiza imekwisha, ila zipo mbili za bei ileile. Akaziweka juu ya meza iliyoziba mlango. Moja ilikuwa ya kugeuka, ya kampuni nyingine, pamoja na kalamu yake. Ya pili haikugeuka wala haikuandikiwa, ila akasema inahifadhi mambo mengi zaidi.

"Mpigie simu mwenyewe achague," akasema.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikuipiga. Niliona aibu, mzee mzima kumwuliza mtoto nichukue ipi. Nikainua ya kugeuka kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa mkono wa kulia, kama nilivyopima redio. Redio ya maana ilikuwa nzito kwa sababu ya sumaku ya spika. Nyepesi zilikuwa za kelele tu. Ile ya kugeuka ilikuwa nyepesi kama sahani ya bati. Tena nikaitazama bawaba yake, nikajiambia kwamba mlango unaopinduliwa kotekote hauchelewi kung'oka. Nikachukua nzito.

Si mara ya kwanza kuwaamulia watu hivyo. Mama yake nilimtoa shule akiwa mwaka wa pili wa sekondari, kwa kuwa niliona cherehani itamfaa zaidi. Cherehani ile pia ilikuwa nzito.

Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila kuombewa. Kanisa letu la Blacktown lilikuwa limefungwa, na mchungaji akajitolea kuomba kwa video. Nilikataa, nilitaka aje aweke mkono. Katoni ikakaa juu ya kabati, imefungwa kwa selotepu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, siku kumi. Nilisema nangoja baraka. Kwa kweli sikuwa na haraka ya kuona katoni ile ikifunguliwa.

Siku ya kumi mke wangu alichoka. "Mungu anayetusikia kutoka Uvira mpaka huku atashindwa na katoni ya hapa sebuleni?" Akaweka mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa, akaomba, akasema amina, akaleta kisu.

Mjukuu alipekua mpaka chini ya katoni. "Mume wangu, kalamu iko wapi?"

"Hiyo ndiyo peke yake iliyokuwepo dukani," nikasema.

Akaiinua. "Umeniletea jiwe la kusagia?"

Tulicheka. Siku tatu nzima alisema ataitumia kupigia pasi sare yake, mara ni mke wangu wa tatu, mnene, asiyejua kuandika. Nami nikadhani anayecheka ameshasamehe.

Siku ya nne asubuhi alikuja jikoni nikinywa uji. Kwa kawaida ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku hiyo alianza mwenyewe kwa Kiswahili, polepole. "Babu, naomba tuzungumze."

Babu, si mume wangu. Nikaweka kikombe chini.

"Nachora kwenye karatasi, napiga picha, natuma, kipindi kimeshaisha. Nimefeli kazi mbili. Nikifeli ya leo, ni kurudia mwaka ujao. Nimeona niache tu, nitafute kazi ghalani. Nisaidie kumwambia mama. Wewe anakusikiliza."

Ndiyo, mama yake ananisikiliza. Ndivyo alivyoishia kwenye cherehani.

"Zilikuwa mbili," nikasema.

"Mbili nini?"

"Pale dukani. Ya kalamu ilikuwepo. Niliishika mkono huu wa kushoto."

Aliyesema ni mke wangu, kutoka kwenye jiko, bila kugeuka. "Na simu?"

"Mfukoni."

"Miaka kumi na saba ya redio," akasema, "na kupiga simu hajui."

Mjukuu alikuwa ameshatafuta risiti. Kurudisha mwisho wiki mbili, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Akapiga dukani. Wakauliza sababu ya kurudisha. Akaziba simu kwa kiganja, akanitazama.

"Waambie ukweli," nikasema. "Mzee alichagua kwa uzito."

Akawaambia kwa Kiingereza. Nilisikia mtu akicheka upande wa pili.

Safari hii nilikwenda na katoni kwapani na simu mkononi, video imewashwa. Mama wa barakoa ya maua na mjukuu wangu waliongea wao kwa wao. Mimi nilikuwa wa kushika simu. Inua. Shusha. Babu, toa kidole, umeziba kamera. Ya kugeuka iliyobaki ilikuwa moja, ile ya maonyesho ya dirishani, ina kalamu yake na mkwaruzo mgongoni. Mama yule akaipindua kioo mpaka nyuma, na bawaba ikalia kidogo. Mdomo wangu ulifunguka ndani ya barakoa. Nikaufunga.

"Babu, umeuona mkwaruzo?"

"Nimeuona."

"Una maoni?"

"Sina."

"Basi ichukue. Nina kipindi saa nane."

Ilikuwa saa saba na robo, na basi la nyumbani lilikuwa linakata kona. Nililikimbilia, mimi ambaye sikuwa nimekimbia hata mara moja tangu tufike nchi hii.