Taulo Jekundu la Nonie Tarpey

Kwa miaka thelathini na mitatu, picha ya televisheni ikipotea katika parokia ya Cloonagarry, watu hawakupigia simu serikali wala kampuni yoyote. Walimpigia Nonie Tarpey. Naye alikuwa na jibu moja tu, akilitoa kabla mtu hajamaliza salamu: "Kashatoka. Mpe nusu saa."

Aliyetoka ni Malachy, mumewe, na huko alikotoka kwenda ni juu ya kilima cha Knockroe, kwenye mnara. Mnara ule haukuwa wa serikali, ulikuwa wetu wenyewe. Huku Mayo, magharibi mwa Ireland, kwa muda mrefu tulikuwa na chaneli moja ya taifa, baadaye mbili, na ukichoka kumtazama askofu ulikuwa huru kutazama ukuta. Watu wa Dublin walinasa chaneli za Waingereza bila jasho, wakija likizo wanatusimulia tamthilia kwa madaha kana kwamba wamezitunga wao. Mwaka 1979 wanaume wa parokia walichoka na simulizi. Walibeba mabomba na saruji hadi kileleni, kwa trekta mpaka trekta ilipokwama, kisha kwa mabega, wakasimamisha mnara wa kudaka matangazo ya ng'ambo ya mpaka na kuyarusha chini kwa kila nyumba. Sheria haikuupenda mnara huo. Miaka ikapita, sheria nayo ikachoka, ikatupa kibali.

Malachy ndiye aliyeuwasha na ndiye aliyeutunza. Mchana alikuwa kibarua wa barabara za jimbo, akiziba mashimo. Mambo ya mawimbi alijifunza kwa vitabu vya kuagiza kwa posta, na hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Nonie alitokea parokia ya jirani. Alishona kola za mashati katika kiwanda cha mjini hadi kiwanda kilipofungwa, na kwa kuwa hawakujaliwa watoto, kazi yake iliyobaki ikawa simu na taulo.

Habari ya taulo ni hivi. Kibanda cha mnara hakikuwa na televisheni, kwa hiyo Malachy akishakaza nyaya hakuwa na njia ya kujua kama picha imerudi. Dirisha la jikoni lilitazama kilima. Nonie aliketi mbele ya televisheni yake na taulo jekundu mapajani, akitazama chenga. Picha ikirudi, ikatulia, alitoka uani akaanika taulo kwenye kamba. Malachy aliliona kwa darubini, akafunga kibanda, akashuka kunywa chai. Siku za ukungu Nonie aligonga sufuria kwa mwiko, na watu waliopita barabarani walijua kwamba mechi imerudi.

Jumanne moja ya Machi, mwaka 2012, picha ilipotea saa kumi na moja jioni. Aliyepiga simu ni Attracta Gormally, bibi wa miaka themanini na minane anayeishi peke yake karibu na daraja, ambaye hukata simu bila kuaga tangu simu zilipofika Cloonagarry. Nonie alimwambia kashatoka, mpe nusu saa, ingawa kusema kweli Malachy alikuwa bado jikoni anafunga kamba za buti. Alipoweka simu na kugeuka, buti moja lilikuwa limefungwa, la pili bado, na Malachy ameegemea ukuta kana kwamba anafikiri. Moyo ulikuwa umesimama.

Basi watu wakaja. Walipanga foleni kutoka sebuleni hadi barabarani, wakampa mkono mmoja mmoja, "Pole kwa msiba wako, Nonie," naye akasema asante mara mia tatu na zaidi. Sandwichi zilipopungua alikata nyingine mwenyewe. Majirani walisema amejikaza kisabuni. Hakujikaza, hakukuwa na cha kukaza. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, akangojea ile michomo inayokuja ganzi ikianza kuachia. Machi ikaisha haijaja. Misa ya mwezi mmoja ikasomwa haijaja. Alikula, alilala, alilisha kuku, na kama mtu angemuuliza anajisikiaje angejibu kwamba hajisikii chochote, na huo ungekuwa ukweli mtupu.

Kuna neno moja tu ambalo hakulitamka. Redio ya jimbo ililitangaza baada ya taarifa ya habari, kama inavyotangaza vifo vyote. Padri alilisema, chapa ya kwenye jiwe la kaburi ililisema. Nonie alisema, "Malachy hayupo." Pale benki karani alipomuuliza, alipitisha cheti chini ya kioo bila kutia neno. Mnara ulikuwa bado unanguruma juu ya kilima, na mnara ukiwaka, Malachy ni mtu aliyetoka kidogo kwenda kazini.

Shida ni kwamba mnara ulikuwa na siku zake. Serikali ilishatangaza: Jumatano tarehe 24 Oktoba, saa nne asubuhi, analojia inazimwa nchi nzima. Kila nyumba iwe na king'amuzi au televisheni mpya, chaneli za Ireland zitakuja bure na picha safi kama kioo. Vibali vya minara ya vijiji navyo vinakwisha saa hiyohiyo, na anayewataka Waingereza atafute dishi. Vipeperushi vililetwa kila nyumba vikiwa na picha ya familia inayocheka na rimoti mkononi. Hakuna familia ya Cloonagarry iliyowahi kucheka hivyo na rimoti.

Halafu kulikuwa na suala la antena. Tangu 1979, kila antena kwenye kila bomba la moshi ilielekea Knockroe. Sasa ilibidi zigeuzwe upande wa pili kabisa, kusini, uliko mnara wa taifa. Kazi hiyo aliipata Fintan Lavelle, fundi wa makamo aliyefundishwa na Malachy na aliyekuwa akipanda kukaza nyaya tangu Machi. Wiki tatu nzima alikuwa juu ya mapaa. Nonie akiosha vyombo aliziona antena zikigeuzia kilima kisogo, leo kwa akina Durkan, kesho nyumba ya padri. Aliosha vyombo, akavifuta.

Jumatatu ile Fintan alikuja jikoni, akakataa chai mara mbili kama adabu inavyotaka, akakubali ya tatu.

"Imebaki ya kwako na ya Attracta tu," alisema. "Yule mama king'amuzi alichonunuliwa na mpwa wake amekitia kabatini na zile soksi za Krismasi asizozitaka. Anasema serikali imetishia mambo mengi tangu azaliwe na hakuna hata moja lililotokea."

"Umwache. Ataona mwenyewe."

"Na yako je, mama? Dakika ishirini tu nimemaliza."

"Baada ya Jumatano."

Fintan alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kuna jambo la ufunguo. Kamati ya mnara inasema nipande mimi niuzime, wewe usisumbuke. Njia ina matope sasa, kondoo wameivuruga. Unipe tu ufunguo kama siku zote, utasikia umezimwa."

"Malachy alisemaje?"

"Unajua alivyosema. 'Niliuwasha mimi, nitauzima mimi.' Kila mkutano. Ndiyo hotuba pekee aliyowahi kutoa."

"Basi nitapanda mimi."

"Sikukatazi, Nonie. Ila ukifika kule..." Alisogeza kikombe. "Koti lake bado liko pale. Sikuligusa."

"Koti ni koti," alisema Nonie. "Kunywa, itapoa."

Jumatano alivaa buti za mvua na kufunga skafu. Fintan alimsindikiza mpaka kwenye uzio wa mwisho, akasimama pale na kujifanya anakagua nguzo. Nonie akamalizia peke yake. Kwa miaka yote ile alikuwa amepanda Knockroe mara nne tu, kwa sababu mmoja akipanda, mwingine hukaa chini na taulo. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Kibanda kilikuwa kidogo kuliko choo cha shule. Ndani mlikuwa na masanduku ya chuma yenye taa za kijani, harufu ya mafuta ya taa na ya kondoo, stuli moja, darubini juu ya msumari, na koti juu ya msumari wa pili. Alisimama mbele ya koti akingojea. Alikuwa amejiambia kwamba hapa ndipo ile michomo itakapokuja, na alitamani ije, kwa sababu mwanamke anayeshindwa kumlilia mume wa ndoa ya miaka arobaini huanza kujiogopa. Alitia mkono mfukoni. Bisibisi, na karatasi ya peremende. Alilitazama koti kama unavyotazama koti la mtu mwingine kwenye foleni ya daktari. Hakuna kilichokuja.

Saa nne kamili aliteremsha swichi. Mngurumo ulikatika, taa za kijani zikafa mbili, kisha tatu, na upepo wa nje ukasikika ambao hakuwa ameusikia. Ndiyo hivyo, alijisemea. Akafunga mlango kwa ufunguo, akashuka.

"Tayari?" Fintan alimuuliza kwenye uzio.

"Tayari."

"Uko sawa?"

"Buti moja linavuja," alisema Nonie.

Nyumbani aliwasha televisheni kwa mazoea tu. Chenga, chaneli zote, na ule mvumo wake kama mafuta yanayokaanga. Aliiacha iendelee akaweka birika jikoni. Simu ikalia. Ilikuwa haijalia kwa ajili ya picha tangu Machi, maana siku hizi watu walimpigia Fintan.

"Nonie." Sauti ya Attracta, bila salamu. "Picha imepotea. Nimebonyeza kote. Huyo Malachy wako kashatoka?"

Mdomo wake ulijibu wenyewe. "Kashatoka. Mpe nusu saa."

"Haya," alisema Attracta, akakata.

Nonie aliweka simu. Hakufikiri. Alivuta droo, akatoa taulo jekundu lililokunjwa pale tangu Machi, akaketi mbele ya televisheni akaliweka mapajani. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi. Aliketi wima, macho kwenye chenga, kama alivyoketi mara elfu moja, sikio likingojea ile kelele fupi inayotangulia picha. Birika lilichemka, likajizima. Saa tano ikafika. Saa tano na dakika kumi. Saa tano na robo. Kwenye saa tano na dakika ishirini nusu saa ilitimia, na picha haikurudi.

Miaka thelathini na mitatu, haikuwahi kukosa kurudi. Kwa dhoruba, kwa theluji, mwaka ule mnara ulipopigwa na radi, ilirudi tu, mara nyingine baada ya saa nzima na Malachy akashuka ameloa kama kitambaa cha kudekia, lakini ilirudi. Sasa alitazama chenga zile akaelewa kwamba hazina mtu nyuma yake. Hakuna aliyeko juu anayekaza chochote. Jumanne ile ya Machi pia hakuna aliyekuwa juu. Alimwambia Attracta kashatoka, na Malachy alikuwa nyuma ya mgongo wake, amefunga buti moja. Kisha yeye hakuanika taulo. Miezi saba alikuwa amemwacha huko kazini, hajamwambia ashuke.

Alitoka uani. Upepo ulikuwa mkali na vibanio vilimponyoka mara mbili. Aliliweka taulo kwenye kamba, akalibana huku na huku, akalinyoosha kwa viganja ili lionekane vizuri kutoka juu. Halafu akainua macho. Kilima kilikuwa pale, na mnara, na kibanda alichokifunga mwenyewe asubuhi. Alisimama muda wote ambao Malachy angechukua kufunga mlango, kuruka uzio, kupita kwa akina Durkan na kufika langoni. Hakuja mtu. Hapo michomo ikaanza, kifuani, kisha kooni, na iliuma kuliko alivyowahi kufikiri kitu kinaweza kuuma.

Aliingia ndani na kumpigia Attracta. Bibi alipokea mara moja, ina maana alikuwa amekaa karibu na simu.

"Haijarudi," alisema Attracta. "Nusu saa imepita."

"Attracta. Haitarudi. Mnara nimeuzima mimi, analojia imekwisha. Fintan atakuja akufungie king'amuzi chako. Na Malachy hakutoka. Malachy amekufa. Alikufa Machi."

Kwenye simu ilisikika televisheni ya Attracta nayo ikitoa mvumo uleule.

"Najua, mwanangu," alisema Attracta mwishowe. "Nilikuwepo kanisani, benchi la tatu. Nasahau tu siku hizi, kichwa kimechoka. Lakini wewe hukuwahi kuniambia. Wewe uliniambia nusu saa."

Nonie alilia akiwa amesimama, paji la uso kwenye ukuta uleule ambao Malachy aliuegemea, kwa sauti aliyokuwa hajui kama anayo. Alijua kwamba upande wa pili simu itakatwa wakati wowote, kama ilivyokatwa siku zote.

Haikukatwa. Attracta alibaki kwenye simu, akipumua, mpaka Nonie alipomaliza kulia.