Majani Machachu na Kikwembe cha Mama

Munisamehe makosa ya kuandika na herufi zangu zilizopinda, niliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi na mkono wangu ni wa polepole, lakini aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu.

Mimi ni mtu wa haya (hata salamu natoa nikitazama chini), na mbuzi wetu watatu hapa Kindu ndio marafiki zangu. Moniteri wa kilimo alitufundisha kukatakata majani mabichi, kuyanyunyizia maji ya muwa, kuyakanyaga shimoni mpaka hewa itoke, kisha kuyafunika sana mpaka yachachuke, ili kiangazi mbuzi wasikonde. Nikakata matete kando ya mto, nikakanyaga mpaka nyayo zikawa kijani, furaha imenijaa! Ila majani ya ndizi ya kufunikia yalipasuka, nikaogopa udongo usiingie, basi nikatoa kwenye valizi ya mama, sanduku lake la nguo, kikwembe chake cha chama, kile kitenge ambacho kundi lao la animasio huvaa wakiwaimbia na kuwachezea viongozi, nikafunikia shimo, nikijua sikukuu bado iko mbali.

Wiki ya tatu shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, akatangaza: kesho mgeni mukubwa anafika kata ya Kasuku hapa mjini, wanawake wote wacheze na vikwembe vya chama.

“Kikwembe yangu iko wapi?”

“Iko… iko na majani, mama.”

Tukafukua. Kikwembe kilikuwa na madoa ya manjano na kunuka uchachu, lakini majani, jamani, majani yalitoka mazuri, nikaruka: “Mama, imekubali!”

“Nikikosa kesho, shefu wa avenyu ataniita mbele ya watu, na weye unaniambia imekubali?”

Alikifua mara tatu, akakikausha kwa moto. Asubuhi niliwaonjesha mbuzi yale majani, na kwa furaha nikasahau kuwafunga. Mama yuko uwanjani, mstari wa mbele, anaimba, mara mbuzi wetu jike akapenya katikati ya wachezaji, akanusa kile kikwembe, akakiuma na kuvuta! Mama hawezi kuacha kucheza mbele ya mgeni, anavuta upande wake huku akiimba. Wenzake wakapiga kelele: “Ongeza kiuno, mama, mbuzi inakushinda!” Mimi, muntu wa haya, nikaingia uwanjani mbele ya Kindu nzima, nikamkumbatia mbuzi shingoni, tukaanguka wote wawili.

Mgeni akacheka, na hapo shefu naye akapata ruhusa ya kucheka.

Mama hakuitwa, ila siku hizi anacheza mstari wa nyuma. Mbuzi wamemaliza kiangazi wanene, nami nimeapa kutofungua tena valizi ya mtu. Ninyi mnaofuga, niandikieni tafadhali: shimo lenu munalifunika na nini?