Kilio Kilichongoja Chai

Kamachumu wakimtaja Kokubanza, wengi huanza na ile Jumapili ya chai. Hapa hatutaanzia huko, maana si haki. Mtu aliyewahudumia wageni miaka kumi na minne ahukumiwe kwa birika moja? Tuanze na nyumba.

Nyumba aliijenga mumewe, Elieza, mpishi. Tangu ujana aliwapikia Wazungu wa serikali mjini Bukoba, na alipoacha kazi alirudi kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, akiwa na mambo mawili kichwani: namna ya kuoka mkate ndani ya debe, na imani kwamba mtu aliyelala kwako haondoki bila chai tumboni. Akajenga nyumba ya bati yenye vyumba viwili vya wageni, mbele ya ule msonge wa zamani aliozaliwa ndani yake. Watu walimcheka mpaka wakachoka. "Elieza, nani atoke Bukoba aje kulala kwako migombani? Mjini vitanda vimekwisha?" Elieza akawajibu kwamba vitanda mjini vipo tele, ila baridi ya Kamachumu haipo, na mkate wake haupo.

Na kweli walikuja. Ilikuwa miaka ile kahawa ilipopanda bei, makarani na walimu wakawa na saa za mkononi na viatu vya Jumamosi tu. Basi liliwashusha saa nane mchana, wakashuka bondeni kutazama maporomoko, wakapanda tena hadi ukingoni ambako ziwa lote linaonekana na visiwa vyake. Jioni waliketi wakitafuna akamwani, yaani kahawa yetu ya kutafuna, wakalala chini ya mablanketi mawili. Asubuhi chai, kisha kanisani, au basi la saa tatu.

Kazi waligawana. Elieza alipika. Kokubanza, kila Ijumaa, alibeba mundu akaenda rweya, kwenye mbuga ya wazi, akakata nyasi laini za kutandika sakafuni, kama nyumba yoyote ya Kihaya inayojiheshimu. Wageni waliokwisha kuzoea saruji za mjini walivua viatu mlangoni wakakanyaga zile nyasi huku wakicheka. Kokubanza alikipenda kicheko kile. Hakumwambia mtu, lakini kwa ajili yake angekata nyasi hata siku ya mvua, na alikata.

Asubuhi Elieza alikuwa na utaratibu wake, na ole wako umharakishe. Alibeba sinia mwenyewe: birika la buluu, mkate, mayai aliyoyafunika kitambaa yasipoe, vikombe vyenye mikono iliyoelekea upande wa mgeni. Akagonga mlango mara mbili. "Mmeamkaje, waitu. Chai iko tayari." Maneno hayo hayo, na lile "waitu" la heshima, miaka kumi na minne.

Watoto walizaa wawili, wote wakafa wadogo. Walizikwa nyuma ya nyumba, chini ya mibuni. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda, kwa sababu kwa mila za huku mke asiye na mtoto wa kiume, mumewe akifa, hana kibanja. Kinarudi kwenye ukoo. Mrithi alikuwa Rutashobya, mdogo wake Elieza. Basi Elieza alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, alimwita huyo mdogo wake mbele ya wazee wawili wa ukoo akamwomba kitu kimoja: mke wake aachwe akae pale, karibu na wanawe, mpaka naye azikwe. Rutashobya hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alijibu papo hapo, "Shemeji atakaa. Nani mwingine atawatandikia wageni nyasi?" Kokubanza alisikia akiwa nyuma ya mlango, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia mwaka mzima.

Jumamosi ile walikuja maharusi wa wiki tatu: Damian, karani wa bandarini Bukoba, na mkewe Joviana, binti mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Elieza alikuwa kitandani ndani ya msonge, mwezi wa pili haamki. Jioni akamuuliza mkewe wamekuja akina nani.

"Maharusi," Kokubanza akamwambia.

Elieza akatabasamu. "Maharusi! Basi wapate chai yao. Hata iweje, Koku, wapate chai yao."

Hakusema neno jingine. Jogoo wa kwanza alipowika Kokubanza akaenda kumgeuza, maana alikuwa akimgeuza kila alfajiri, akamkuta amekwisha ondoka. Kwapani alikuwa bado na joto kidogo, pengine pote baridi.

Sasa, huku kwetu mume akifa, kilio cha kwanza ni cha mke. Hakuna wa kukungojea wala wa kukuagiza. Unafungua mdomo, unalia, na kila anayesikia anatupa jembe chini anakuja. Kabla ya kilio hicho marehemu yuko peke yake, hana msiba. Kokubanza alijua hayo tangu akiwa na meno ya utotoni. Akafungua mdomo.

Kule nyumba ya mbele Joviana akacheka.

Kokubanza akaufunga mdomo. Hata iweje, Elieza alisema. Wapate chai yao. Akasimama pale, kilio kimemkaa kooni, akikimeza kidogo kidogo. Na palikuwa na jambo jingine, ambalo hakumweleza mtu kwa muda mrefu: alijua kwamba akishalia atakuwa mjane. Kabla hajalia, alikuwa bado mke wa Elieza, ana wageni, ana moto wa kuwasha. Alitaka asubuhi moja tu zaidi. Ee Mungu, moja tu! Nani angemnyima?

Akamfumba mumewe macho, akamfunika vizuri, akaenda kuwasha moto.

Alichemsha mayai, akakata mkate alioukanda mwenyewe kwa maelekezo ya kutoka kitandani, akaigeuza mikono ya vikombe. Akabeba sinia mpaka mlangoni. Akagonga mara mbili. "Mmeamkaje, waitu. Chai iko tayari." Sauti haikutetemeka, na hilo lilimshangaza.

Walikunywa wakamaliza birika, wakaomba jingine. Joviana akauliza, "Na mzee je, Ma? Twende tukamuage?"

"Amelala," Kokubanza akasema.

"Basi mwambie," Damian akasema, huku akifuta mdomo, "mwambie chai yake Bukoba nzima haipo."

"Nitamwambia."

Basi likapiga honi saa tatu, akawapungia mkono mpaka vumbi likatulia. Kisha akarudi msongeni, akaketi nyasini karibu na kitanda, akamwambia. "Wamekunywa mabirika mawili. Wanasema Bukoba nzima haipo." Alipokwisha kufikisha salamu akafungua mdomo alie.

Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, ikatoka sauti kavu, kikohozi tu. Akajipiga kifua, akawaita wanawe waliokufa kwa majina, akamwita Elieza. Koo halikumwitikia. Mwishowe ilibidi aende kwa miguu yake hadi kwa jirani, mama mmoja aitwaye Anatolia, akamwambia kwa mdomo mkavu, kama anayeomba chumvi: "Elieza amefariki." Anatolia ndiye aliyeangua kilio. Kilio cha kwanza cha Elieza kikawa cha jirani.

Wanawake wakaja kumwosha marehemu. Anatolia akaushika mkono, akauachia. "Mbona amekauka hivi?" Akatazama jikoni, akaona vikombe viwili na maganda ya mayai. "Koku. Ulikuwa unajua?"

Mwingine angedanganya. Kokubanza hakuwa na ufundi huo. "Nilijua. Wageni walikuwa hawajanywa chai."

Jamani! Kabla jua halijageuka habari ilikuwa imefika kila kibanja. Mwanamke amepika chai maiti ya mumewe ikiwa ndani. Amechemsha mayai, amekata mkate, amewapungia watu mkono. Na siku zote za matanga, watu wakilia kulia na kushoto, yeye aliketi kwenye nyasi zile zile alizozikata Ijumaa, macho makavu kabisa. Kila aliyeingia alimtazama usoni kwanza, kisha ndipo akatoa pole. Naye aliwaona wakimtazama. Ndani alikuwa anaungua, lakini nani huona ya ndani?

Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo wakakaa. Rutashobya alitoka nje akiwa ameinamisha kichwa, akamkuta Kokubanza nyuma ya nyumba, chini ya mibuni.

"Shemeji," akasema, "nilimwahidi marehemu, na nilitaka kukutetea. Nikawaambia labda ni ile tabia yake ya wageni, ilimwingia na mkewe. Ya chai ningeyabeba. Lakini hata chozi, shemeji? Hata moja? Wazee wanasema mwanamke asiyemlilia mume hawezi kulala juu ya makaburi yetu."

Kokubanza alitaka kumweleza kwamba kilio anacho, kiko hapa, kimekwama. Akagusa koo lake. Rutashobya hakuelewa. Kokubanza akaondoka na kapu moja na blanketi moja, akipita kando ya makaburi matatu, mawili ya zamani na moja lenye udongo mbichi.

Alikwenda Buhembe, pembeni mwa mji wa Bukoba, kwa kaka yake, Philbert, na kwa kweli walimpokea vizuri. Alipewa chumba, akalima maharage, akatunza migomba. Hakuna aliyemsema. Ila Ijumaa zilimsumbua. Ijumaa ikifika alijikuta amesimama mlangoni, mundu mkononi, hajui aende wapi. Wifi yake alikuwa akimwita kwa upole, "Wifi, njoo ule," naye akaurudisha mundu darini.

Miezi minane ilipita. Siku moja sokoni Bukoba akashikwa bega. Ni Joviana, tumbo limemtangulia, kicheko kile kile.

"Ma! Tunakuja kwako Jumamosi hii! Damian amesema kabla mtoto hajazaliwa lazima ninywe tena chai ya mzee. Mzee hajambo?"

Kokubanza akaweka kapu chini. "Mzee alifariki, mwanangu."

"Yesu wangu! Lini?"

"Asubuhi ile. Kabla hamjaamka."

Joviana akahesabu siku kurudi nyuma. Alipomaliza akajifunika mdomo. "Tulikunywa chai. Nilikuwa nacheka... Ma, kwa nini hukutuambia?"

"Aliniambia mpate chai yenu."

Akamsimulia yote, pale pale kati ya mafungu ya samaki, mara ya kwanza kuyasimulia. Joviana alilia kwa sauti hata wauza samaki wakageuka. Kokubanza ndiye aliyembembeleza, yeye mwenye macho makavu. Binti alipotulia alikuwa amekata shauri. "Jumamosi tunakwenda sote. Utakuwa mgeni wetu. Mgeni hafukuzwi, au siyo?"

Mgeni hafukuzwi. Rutashobya aliwakuta mlangoni, akamwona shemeji yake nyuma ya maharusi wale, akajikwaa kwenye maneno. "Karibu... karibuni, waitu." Vyumba vile vile aliendelea navyo, mkewe Celina akipika. Nyasi zilikuwa za wiki nzima, zimekauka, zinachoma nyayo. Kokubanza aliliona hilo kabla hajavua viatu. Alipewa chumba cha pili, ambacho kwa miaka kumi na minne alikifagia na hakuwahi kukilalia hata mara moja. Dirisha lake lilitazama mibuni. Alikaa hapo mpaka giza likayafunika makaburi.

Asubuhi alikuwa macho muda mrefu. Akasikia kuni zikivunjwa jikoni, akajua Celina anatumia kuni mbichi. Akasikia birika likifunikwa. Akasikia hatua, pole pole, za mtu anayeogopa kumwaga. Zikasimama mlangoni kwake. Mlango ukagongwa mara mbili, maana Celina naye alikuwa ameurithi utaratibu ule pamoja na birika.

"Umeamkaje, mgeni. Chai iko tayari."

Hapo kilio kikatoka.

Kilitoka chote, cha miezi minane, kwa sauti ambayo wazee walisema baadaye hawajaisikia tangu vita. Celina aliangusha sinia. Damian alikuja mbio na shati mkononi, na Joviana nyuma yake ameshika tumbo. Rutashobya alitoka msongeni bila viatu. Na kule migombani watu waliokuwa wanajiandaa kwenda kanisani wakatupa vitabu vya nyimbo wakaja wakikimbia, kwa sababu kilio kile kila mtu anakijua, ni cha mke.

Anatolia alifika wa kwanza, anahema. Alimkuta Kokubanza chini, kwenye nyasi kavu, chai ikimtiririkia miguuni.

"Nani? Nani amekufa?"

"Elieza," Kokubanza akasema, na machozi yakamwingia mdomoni. "Elieza wangu amekufa. Amekufa leo asubuhi."

Hakuna aliyemsahihisha. Anatolia alifungua kitenge chake, akaketi nyasini kando yake, akaanza kulia naye upya, na wanawake wengine wakaingia mmoja mmoja wakaketi. Rutashobya alisimama mlangoni. Kisha akaenda akachukua mundu, akashuka rweya kukata nyasi za msiba.